Bosi Aliyengoja Tusimame

Kumfundisha bosi wa gemu amuue mchezaji ni kazi ya asubuhi moja, na bado utapata nafasi ya kunywa chai. Watu hawaamini nikiwaambia. Bosi, kwa msomaji asiyewahi kushika padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, ni yule adui mkubwa anayekusubiri mwisho wa safari; akianguka yeye, gemu imeisha. Anaishi ndani ya mashine, na mashine inajua umebonyeza kitufe gani hata kabla kidole chako hakijainuka. Akitaka kukumaliza atakumaliza, hakuna mjadala. Kazi yenyewe, ile iliyonitia mvi, ni kumfundisha kukosea: anyanyue mkono polepole ili uone pigo linakuja, ageuke akiwa amechelewa kidogo, achoke kama watu wanavyochoka. Siku hizi vijana ninaofanya nao kazi wanaliita jambo hili akili mnemba, tena wanalitaja kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Sisi tuliita tu ubongo wa bosi. Tulikuwa wawili, hatukuwa na mwalimu, na tulikuwa tumepewa mwaka mmoja.

Mwaka huo umenirudia juzi nikiwa nimekaa chini kwenye zulia la hekalu la Kalasinga, miguu nimeikunja kwa taabu, mtandio kichwani, sahani ya dengu mbele yangu. Asubuhi tulikuwa tumemuaga marehemu Mzee Gurdial, muuza vitambaa wa Mtaa wa Biashara, na kwa desturi yao kila aliyekuja alikaa chini kwenye mstari mmoja akapakuliwa, mwenye gari kubwa na aliyekuja kwa miguu. Jas, mwanawe, ndiye aliyepita na chapati. Hutupiwi chapati pale, unanyoosha mikono yote miwili unawekewa. Nilinyoosha yangu bila kuinua kichwa, nikasikia sauti ikisema, "Kula, Wambui, umekonda." Mimi sijakonda tangu nijifungue mtoto wa kwanza. Nikamwambia kama ni uongo ajifunze kuusema vizuri, na hapo ndipo nilipomtazama nikaona ndevu zake zimekuwa nyeupe zote. Nilishikwa na huzuni ghafla, chapati ikiwa bado ya moto mikononi mwangu.

Chumba chetu kilikuwa juu ya duka la baba yake. Ungepanda ngazi nyembamba ya mbao nyuma ya kaunta, uiname kidogo, halafu ujikute katikati ya majora ya vitambaa yaliyorundikwa mpaka darini: hariri za harusi, kitambaa kizito cha sare za shule, pamba nyepesi ya maua madogo ambayo haikununuliwa mwaka wote. Kulikuwa na dirisha moja linalotazama barabara. Jua la alasiri lilipoingia lilipita kwanza kwenye vitambaa, hivyo mwanga uliotufikia mezani ulikuwa wa zambarau au wa dhahabu kutegemea jora lililokuwa juu siku hiyo. Nikifumba macho leo ninauona mwanga huo kabla sijauona uso wa mtu yeyote. Tulikuwa na kompyuta mbili, feni moja iliyolalamika, na stuli ambazo Jas alizifunika mabaki ya velveti. Nilitoka chumba cha kupanga kule Kabiria, chumba ambacho ukiamka unagonga mlango kwa kisigino, kwa hiyo pale juu niliona nimepewa ikulu.

Masharti yalikuwa ya Mzee. Mimi na Jas tulisoma darasa moja chuo kikuu, na tulipomaliza Jas alimwambia baba yake kwamba hataki kaunta, anataka kutengeneza gemu. Mzee alinyamaza siku kadhaa, halafu akatoa hukumu: kutoka Vaisakhi, sikukuu yao ya Aprili, mpaka Vaisakhi nyingine. Tukimpata mtu wa kuichukua gemu yetu na kuisambaza duniani, Jas aendelee na maisha yake. Tukimkosa, ashuke ngazi, asimame kaunta, na habari hiyo isirudiwe tena. Na mimi ningeenda wapi? Bila Jas hakuna chumba, bila chumba hakuna kompyuta. Najua msomaji atauliza kama tulikuwa wapenzi. Hatukuwa. Lakini nilikipenda kile chumba pamoja na yeye aliyekuwa ndani yake, na sikuwahi kuweza kuvitenganisha hivyo viwili, wala sikujaribu sana.

Mzee hakupanda ngazi ile karibu mwaka mzima. Chakula ndicho kilichopanda. Saa saba kasoro mama yake Jas alituma mkebe wa chuma wenye vyumba vinne, kimoja juu ya kingine: wali, dengu, mboga, na chini kabisa achari ya ndimu iliyonitoa machozi mpaka nikaizoea, na sasa siwezi kula wali bila hiyo. Tulikula tukisikiliza duka kupitia mbao za sakafu. Tulijua nani anaozesha binti, nani mtoto wake amehamishwa shule, nani amekuja kupapasa vitambaa tu kwa sababu nyumbani kuna kelele. Mara kwa mara mteja wa zamani alimuuliza Mzee kijana wake yuko wapi siku hizi. "Kijana yangu iko juu," Mzee angesema kwa Kiswahili chake cha kaunta. "Natengeneza kitu." Jas aliacha kutafuna kila aliposikia hivyo. Yeye aliisikia aibu katika sauti ile, mimi nilisikia majivuno, na tulibishana sana bila kufika popote.

Bosi wetu aliitwa Mshonaji. Jas alimchora akichungulia dukani kupitia tundu la ngazi: mikasi mahali pa mikono, tepu ya kupimia badala ya mjeledi, pini mdomoni, na urefu wa jengo la ghorofa sita. Katika gemu yetu alikaa katikati ya jiji akiwakata watu vivuli vyao ili ajishonee vazi lisiloisha, na msichana mmoja mbeba majora ndiye aliyekwenda kumkabili. Jiji lenyewe lilikuwa Nairobi, lakini Nairobi ya ndotoni, saa kumi na mbili jioni isiyokwisha, maua ya jakaranda yakianguka bila kufika chini. Niliweza kukaa dakika nyingi nikiyatazama yale maua yakianguka, nikijifanya ninatafuta kosa.

Sasa, ubongo. Hatukutaka kumwandikia Mshonaji kila hatua yake kwa mkono, maana bosi wa hivyo ukishamkariri umemmaliza. Jas akaja na wazo. Tuchomeke padi mbili, mtu mmoja acheze msichana, mwingine acheze Mshonaji, na mashine ikae kimya ikitunza yote: alipokaribiwa alifanya hivi, alipopigwa alifanya vile. Tukishapata mapigano ya kutosha tumtoe yule mtu, tuiachie mashine padi ya Mshonaji. Kila ikijikuta katika hali fulani, itafute hali inayofanana na hiyo ambayo watu waliipitia, na ifanye walichofanya watu. Niliandika sehemu kubwa ya ubongo huo mimi, na nilijiona kweli kweli.

Watu tuliwapata kila Jumamosi. Walipanda mafundi wa kushona waliokaa na cherehani zao barazani, wakiongozwa na Mama Njeri, mshona sare, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito. Walikuja binamu zake Jas kutoka mtaa wa Mountain View, waliokula bhajia zetu zote. Jumapili tulipakia kompyuta moja kwenye gari la Jas tukaipeleka Waithaka, kwenye ukumbi wa kanisa letu, tukaingoja ibada iishe, na vijana wakapigana mpaka mchungaji akaja kuuliza kunani, naye akapewa padi. Miezi mingi ilipita hivyo. Nakumbuka ukumbi ule ukinuka chai ya maziwa na nguo zilizonyeshewa, watu ishirini wamejazana nyuma ya viti viwili, na Mshonaji akitembea kwenye skrini kwa mikono ya kila mtu.

Januari tuliiachia mashine padi ya Mshonaji. Alikuwa wa ajabu yule bosi, nisiwe mnyenyekevu wa bure. Alikuzunguka kwa ujanja wa binamu wa Mountain View, alikushambulia kwa ghafla ya Mama Njeri. Alasiri moja nilikuwa ninapigana naye peke yangu, akaniangusha, na hapo hapo mkebe wa chakula ukafika. Nikaiweka padi chini, nikala, nikanawa, nikapiga domo kidogo na Jas. Niliporudi msichana wangu alikuwa bado amelala chini, na Mshonaji amesimama mbele yake, mikasi imeshushwa, anapumua. Nilidhani mashine imekwama. Nikabonyeza kitufe, msichana akasimama, na Mshonaji akanivamia papo hapo.

Tulirudia mara nyingi. Ukianguka, anasimama. Ukilala chini mpaka kesho, atasimama mpaka kesho. Na kwa kuwa katika gemu yetu anayelala anarudishiwa nguvu polepole, mtu yeyote angeweza kujilaza, kupumzika, kuamka mzima na kupiga tena, mpaka bosi afe. Nilichimba ubongo ule siku nzima nikitafuta kosa langu, na sikulipata kwa sababu halikuwa langu. Ilibidi turudie mapigano yaliyotunzwa moja moja, tukikumbuka nani alikuwa ameshika padi. Huyu hapa Mama Njeri ameshika padi ya Mshonaji, amemwangusha mwenzake, anaiweka padi pajani na kungoja. Huyu hapa binamu, anachukua bhajia. Huyu mchungaji, anajifuta miwani. Hakuna hata mmoja, Waithaka au Biashara, aliyempiga msichana akiwa chini. Ndipo niliposikia tena kelele za ukumbini ambazo masikio yangu yalikuwa yamezizoea mno: "Wacha asimame! Wacha asimame!" Ni sheria ya kila mtoto aliyepigana nyuma ya darasa katika mitaa yetu. Aliyeanguka hapigwi, na ukimpiga, wanaotazama watakugeukia wewe. Hakuna aliyeitaja kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anaifuata. Na mashine, ambayo haikulelewa na mtu, ilikuwa imelelewa na hawa wote.

Mimi nilitaka kurekebisha mara moja. Kulikuwa na wageni waliokuwa waje Machi, watu wawili wa kampuni ya nje iliyotafuta gemu za kutoka huku kwetu, na ndio waliokuwa tumaini letu lote. Nikamwambia Jas usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaandika amri fupi: mtu akiwa chini, piga. Jumamosi Mama Njeri akapanda kama kawaida, akakaa, akaangushwa, na mkasi ukamshukia akiwa amelala, mara ya pili, mara ya tatu, hadi skrini ikawa nyeusi. Hakupandisha sauti. Aliilaza padi juu ya jora la karibu na kusema, "Hii sasa si mchezo, ni uonevu," kisha akashuka kwenye cherehani yake. Wengine walicheza kidogo kwa kutuonea aibu, nao wakashuka.

Tulibaki wawili chumbani na ule mwanga wa zambarau. Jas akasema amri ile iondolewe. Nilimuuliza kama amesahau ni nani atakayesimama kaunta mambo yakiharibika. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu, kwa sababu nilishaanza kuhesabu majora kwa macho nikiyaaga.

"Wambui," akasema, "kwa hii gemu yote, hiyo ya kungoja ndiyo kitu pekee hatukuandika sisi."

"Na Papaji?" nikauliza, nikimtaja baba yake kama alivyomwita yeye.

"Nitaongea na yeye."

Nikaiondoa amri. Ningeweza kusema nilishindwa hoja, lakini ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nimempenda Mshonaji zaidi akiwa vile.

Wageni walikuja siku ya joto kali, mwanamume na mwanamke, wapole, wakasifu vitambaa kabla ya kusifu gemu. Mwanamume ndiye aliyeshika padi. Mshonaji alimtoa jasho, mgeni akacheka, akatuambia yule ni adui wa kweli. Kisha akaanguka. Akangoja apigwe, hakupigwa. Akasimama, akaanguka tena kwa makusudi, na nikaona uso wake ukitulia. Baada ya hapo alilala na kuamka, akalala na kuamka, akammaliza bosi wetu huku akizungumza na mwenzake mambo mengine. Jas alijaribu kuwaeleza habari za ukumbi na vijana na aliyeanguka hapigwi. Walisikiliza kwa adabu kubwa. Barua yao ilifika kwenye kompyuta siku chache baadaye. Walisema picha ni nzuri ajabu, jiji lile hawatalisahau, lakini bosi asiyetisha si bosi, na wanatutakia kila la heri.

Nilimwambia Jas aende kwa baba yake aombe mwaka mwingine. Nilimwambia leo, nikamwambia kesho yake, nikamwambia nikiwa na chakula mdomoni. Tulikuwa karibu, kila mtu aliyeicheza aliona tulikuwa karibu. Alinijibu kwamba mimi simjui Papaji, huyo akisema neno amesema. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na chumba kilikuwa giza, na tuliwasha taa mchana.

Siku moja kabla ya Vaisakhi tulisikia mlango wa chuma wa duka ukishushwa mapema, halafu ngazi ikalia kwa uzito tusiouzoea. Mzee Gurdial akatokea, kilemba chake kikigusa dari, akatazama stuli za velveti, akachagua kukaa juu ya jora. Nilimsalimu, "Anko, karibu," nikamtafutia chai. Hakuitaka. Alisema anataka kuona hiyo bosi. Jas akampa padi na kumwonyesha vitufe, na Mzee akashika kwa vidole vile vilivyozoea mkasi, akaenda hatua nne, akaangushwa. Akakaa akitazama. Mvua ilikuwa ikigonga mabati ya jirani.

"Hii naharibika?" akauliza.

"Hapana, Papaji. Anangoja."

"Nangoja nini?"

"Usimame."

Mzee aliitazama skrini kwa muda mrefu mno. Maua yalianguka, Mshonaji akapumua. Kisha akaiweka padi chini, akajipangusa magoti, akamtazama mwanawe na kusema, "Kesho kutwa saa mbili, dukani." Akabaki amekaa. Hakuinuka. Nilimtazama Jas kwa macho yangu yote mawili, nikimwambia bila mdomo: sema, sema kitu. Jas alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sawa, Papaji," akasema.

Mzee alikaa kidogo tena, akasimama, akashuka.

Mimi niliondoka na sanduku la vitu vyangu wiki ile. Nilipata kazi kwa watu wa mbali, kisha kwa wengine, na mabosi niliowafundisha kupigana sasa wako kwenye nyumba nyingi kuliko nitakazowahi kuingia. Wote wanakupiga ukiwa chini, ndivyo wanavyotakiwa. Jas alikuwa muuza vitambaa hodari, watu walimpenda, duka likakua. Tulipigiana simu sikukuu, halafu tukaacha, halafu tukaanza tena. Tulipoonana hatukuutaja mwaka ule, na nilidhani ameusahau, au nilijipa moyo hivyo.

Juzi baada ya chakula alinisindikiza mpaka kwenye baraza ya kuvulia viatu. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na sakafu ya marumaru ilikuwa ya baridi chini ya soksi. Alinitafutia kiatu changu cha pili katikati ya viatu vya watu wote, akakipata, akabaki nacho mkononi. Akaniambia kwamba wiki ya mwisho hospitalini baba yake alimuuliza kitu, kwa Kipunjabi, lugha waliyotumia wakiwa wawili. Alimuuliza kwa nini siku ile ya mvua hakubisha.

"Akasema alipanda juu akiwa ameshaamua kutupea mwaka mwingine," Jas akasema. "Alikuwa anataka tu niombe. Akasema alikaa pale akingoja, mpaka akaona haya kuendelea kukaa."

Watu walitupita wakivaa viatu, wakimpa pole, naye akiwashukuru mmoja mmoja. Walipoisha nikamuuliza alimjibu nini baba yake.

Jas aliinama, akakiweka kiatu mbele ya mguu wangu, akakigeuza vizuri.

"Nilimwambia, sawa, Papaji."